Acheni Kuloweka Magurudumu

Wiki hii tena nimeletewa gurudumu la gari la kale la farasi linachuruzika maji. "Lilikuwa limelegea, fundi, nikalitumbukiza bwawani siku tatu, sasa limekaza." Limekaza, ndiyo. Subiri likauke.

Mbao ikinywa maji huvimba, lakini pete ya chuma iliyoizunguka haivimbi nayo. Mbao inajikandamiza kwenye chuma, nyuzi zake zinapondeka, na zikishapondeka hazirudi. Gurudumu likikauka linasinyaa kupita lilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Mwenyewe analirudisha majini, nalo linazidi kulegea. Wakati huohuo ncha za spoki zilizozama kwenye kitovu, kile kigogo cha katikati ya gurudumu, zinaanza kuoza mahali asipopaona, na pete inakula kutu kwa ndani. Ndiyo, wachukuzi wa zamani walisimamisha magari yao mtoni. Walitaka kufika jioni, basi. Hawakuwa wakitunza kitu cha miaka 150.

Dawa ni kuivua pete, kuipunguza kipande, na kuiunga upya iwe na mzingo mdogo kidogo kuliko wa mbao. Unaitia motoni ipanuke, unaivisha ingali ya moto, kisha unaimwagia maji haraka kabla mbao haijaungua. Ikipoa inajikaza na kubana viungo vyote kwa pamoja. Hayo ndiyo maji pekee ninayoyakubali.

Kuna na wa "limepinda, ninyooshee". Halijapinda! Limebonyea kama sahani kwa makusudi: farasi akitembea, gari huyumba huku na huku, na spoki zilizoinamia nje huhimili msukumo huo wa pembeni. Ncha ya ekseli nayo imeelekezwa chini kidogo ili spoki iliyobeba mzigo isimame wima.

Magurudumu ya mbele ni madogo ili yapite chini ya bodi gari likikata kona. Si urembo.

Wala si kila mbao inafaa popote. Mafundi wa Uingereza walichonga kitovu kwa mbao ya mti wa elmu, ambayo nyuzi zake zimesukana hivyo haipasuki ovyo ikitobolewa, na spoki kwa mwaloni uliopasuliwa kufuata nyuzi. Ukinibadilishia spoki moja kwa msonobari, usiniletee gari hilo.

Rangi ya asili iliyochakaa? Weka msasa chini. Ukishaikwangua, hakuna fundi wa kukurudishia.