Maziwa, Fimbo na Kufuli: Dhana za Wazazi kuhusu Vijana na Vilevi

Mzazi anayenusa pombe au moshi wa bangi kwenye shati la mwanawe wa miaka 15 huwa na dakika chache za kuamua la kufanya, na katika dakika hizo hutenda kwa kufuata yale ambayo ameyasikia mtaani na kwa wazee wake. Mengi ya hayo si kweli, na machache yanaweza kugharimu uhai.

Dhana: «Nikimtajia vilevi, nitakuwa nimemfundisha.»

Mtoto anayekulia Dar es Salaam, Tanga au Arusha amekwisha kuviona. Hadi Machi 2017, serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, viroba viliuzwa kwa bei ya chini madukani na vibandani, na mwanafunzi aliweza kukificha kimoja katika mfuko wa sare. Mtoto atasikia habari hizi kwa vyovyote. Mzazi anachoweza kuamua ni kama naye atakuwa miongoni mwa wanaomweleza. Inafaa aanze mapema, mtoto akiwa na miaka 9 au 10, kwa maneno mafupi yanayorudiwa mara kwa mara wakiwa njiani au wakichambua mboga, kwa sababu hotuba moja ndefu itolewayo siku ya hasira huwa haibakizi kitu.

Dhana: «Ni afadhali aonjeshwe nyumbani, chini ya macho yangu.»

Nia ni njema, lakini utafiti uliowafuatilia vijana wa Australia kwa miaka kadhaa ulionyesha kwamba pombe itolewayo na mzazi haimlindi kijana, na kwamba aliyepewa nyumbani huelekea zaidi kuipata pia kwa watu wengine. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile inayomwezesha mtu kujizuia.

Dhana: «Bangi ni majani tu, na mirungi humsaidia kusoma.»

Mirungi ina kathinoni, kemikali yenye undugu na amfetamini. Humkesheza mwanafunzi, ila ubongo huhifadhi yaliyosomwa wakati wa usingizi, kwa hiyo anayekesha hivyo usiku kucha hupoteza sehemu ya alichokuwa anakitafuta. Bangi inayovutwa mara kwa mara katika umri huu hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na kwa wenye asili ya maradhi ya akili katika ukoo huongeza hatari ya kuyapata.

Dhana: «Aliyelewa hupewa maziwa au kahawa, au humwagiwa maji baridi.»

Hakuna hata kimoja kinachoiondoa pombe katika damu. Ini huifanya kazi hiyo kwa mwendo wake. Mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, kaa naye, na asipoamka anapoitwa na kutikiswa, au pumzi zikiwa za taratibu mno, mpeleke hospitali usiku huohuo bila kuwaza majirani watasema nini.

Dhana: «Dawa yake ni fimbo, na fimbo ikishindwa afungiwe ndani.»

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu hutoka kwa wazazi wanaompenda mtoto wao na kuona aibu kumfikisha kwa mtaalamu. Kipigo humfundisha kijana kuficha, na anayefukuzwa nyumbani hupokewa maskani, pengine na walewale waliompa kete ya kwanza. Kufuli nalo lina hatari yake: aliyezoea pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga huo, haiui kwa urahisi hivyo, lakini kutapika na kuharisha bila kuangaliwa kunaweza kumkausha maji mwilini. Subiri kilevi kimtoke, kisha useme asubuhi, mkiwa wawili: «Mwanangu, jana ulirudi umelewa na mimi niliogopa sana. Nieleze ilianzaje.» Baada ya hapo sikiliza kwa muda mrefu kuliko unavyozungumza. Masharti ya nyumbani yabaki, na adhabu iwe ile iliyokwisha kutajwa kabla. Ukiona anashindwa kuacha hata anapotaka, mpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa.

Dhana: «Methadoni ni kubadilisha kilevi kwa kilevi.»

Methadoni ni dawa ya kunywa inayotuliza arosto ya heroini. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011 na hutolewa bure. Mtumiaji wa heroini hunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu. Arosto hutulia bila ule ulevi wa unga, naye hupata nafasi ya kula, kulala na kurudi kazini. Si ya kila kijana, wala haitibu bangi au pombe, na daktari ndiye anayepima nani anaihitaji.

Dhana: «Ametoka soba hausi, basi amepona.»

Soba hausi ni nyumba anamokaa mtu kwa muda ili asaidiwe kuacha vilevi. Kurudia kutumia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na wiki za kwanza nyumbani ndizo za hatari zaidi kwa aliyetumia heroini, kwa kuwa mwili umeshapoteza ustahimilivu na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumzimisha pumzi. Mzazi amweleze kijana wake jambo hili waziwazi siku anayompokea, na amwambie pia kwamba akiteleza, hata iwe saa nane za usiku, simu ya kwanza aipige nyumbani.