Uko kwenye dawa za presha? Mwambie muuza dawa kabla hujanunua ya kiuno

Anayeshusha magunia ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hashangai kiuno kikimkaza jioni. Akirudi nyumbani anapitia duka la dawa, anafungiwa vidonge kwenye karatasi, anameza, asubuhi anarudi mwaloni. Kama yuko kwenye dawa za presha, siku chache baadaye kipimo chake huenda kikapanda. Hapo ndipo kosa hufanyika: anaongezewa dozi ya presha kwa sababu hakuna aliyemuuliza habari za kiuno.

Mara nyingi vidonge hivyo ni diklofenaki. Iko kundi moja na ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, piroksikamu na indomethasini. Zote hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi nyingine kwenye figo: hulegeza mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio, na huisaidia figo kutoa chumvi kwa njia ya mkojo. Zikikosekana, chumvi na maji vinabaki mwilini, miguu inaweza kuvimba, presha inapanda. Wastani ni milimita chache tu za kipimo cha presha, 3 hadi 5 hivi, ila wapo wanaopanda zaidi, hasa wazee, wenye kisukari na wenye figo zilizochoka.

Si dawa zote za presha zinazovurugwa sawasawa. Amlodipini na nifedipini haziyumbi sana. Zinazopungua nguvu zaidi ni dawa za kukojoza, kama hidroklorothiazidi na furosemidi, pamoja na zile ambazo majina yake kwenye kasha huishia na -pril (captopril, enalapril, lisinopril) au -sartan (losartan, telmisartan).

Presha kupanda ni nusu ya tatizo, na kwa maoni yetu ni nusu iliyo nyepesi. Kila chujio la figo lina mshipa wa kuingilia na wa kutokea, na damu huchujwa kwa msukumo ulio katikati yake. Dawa za -pril na -sartan hulegeza mshipa wa kutokea, hivyo msukumo unapungua. Figo hujitetea kwa kupanua mshipa wa kuingilia, na kinachoupanua ni zile prostaglandini. Sasa ukimeza diklofenaki, mlango wa kuingilia unabana, wa kutokea uko wazi, na dawa ya kukojoza imeshapunguza maji mwilini. Chujio linakosa msukumo. Kukiongezeka kuhara, au malaria ya kutapika, figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache, na potasiamu (madini yaliyo kwenye damu) ikapanda kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo. Angalia pia kidonge chako: kama ni kile chenye losartan na hidroklorothiazidi pamoja, tayari una dawa mbili kati ya hizo tatu, hata kama unameza kimoja tu kwa siku.

Wapo wanaodhani sindano ni salama zaidi. Diklofenaki ya sindano inapita kwenye damu na kufika kwenye figo zile zile.

Cha kuanza nacho ni parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye mwili mdogo sana au ugonjwa wa ini. Nayo isigeuzwe chakula cha kila siku. Utafiti wa Edinburgh uliochapishwa mwaka 2022, kwa watu 110 wenye presha, ulionyesha kuwa gramu 4 kila siku kwa wiki mbili zilipandisha namba ya juu kwa takriban milimita 5. Ile ya kuyeyusha kwenye maji, inayotoa povu, ina sodiamu nyingi. Mwenye presha aiache. Kwa goti au kiwiko, diklofenaki ya kupaka ni afadhali, maana sehemu ndogo tu ndiyo huingia kwenye damu.

Aspirini ya miligramu 75 uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache; kwa dozi hiyo haipandishi presha.

Daktari akiona lazima utumie diklofenaki, iwe dozi ndogo kwa siku chache, presha ipimwe ndani ya wiki moja au mbili, na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na potasiamu zipimwe. Ukianza kuhara au kutapika, acha ya maumivu mara moja, kunywa maji yenye ORS, na siku hiyo hiyo uulize kituo cha afya kama dawa ya presha nayo isimamishwe kwa muda. Usiisimamishe kwa uamuzi wako. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali na makasha yote ya dawa unazotumia, pamoja na hicho kikaratasi cha dukani. Kama hakina jina la dawa, rudi dukani uombe waliandike.