Je, wajua kwa nini drili ya mezani haifungwi cheni ya bodaboda?

Katika karakana za Nyakato, jijini Mwanza, cheni ya bodaboda haikosekani. Ni imara na haitelezi. Kwa nini basi fundi anayejiundia drili ya mezani au mashine ya kukereza chuma aiache, afunge mkanda wa raba?

Tatizo liko kwenye meno. Pingili za cheni hazipindi, kwa hiyo sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya meno 10 kwake si duara bali ni umbo la pembe kumi. Kila jino linapopokea pingili, cheni huenda kasi kidogo kisha hupungua, na tofauti hiyo hufika karibu asilimia 5. Kwa meno 17 hushuka chini ya asilimia 2. Sasa ifunge ile ya meno 10 kwenye mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika: ni mitikisiko 240 kila sekunde, inayosafiri hadi kwenye ncha inayokata. Chuma kinatoka na mawimbi badala ya kulainika. Bodaboda haiumii hivyo, kwani cheni yake hupokea mwendo uliokwisha kupunguzwa na giya, na ndani ya habu ya nyuma kuna raba zinazomeza mishtuko. Drili haina raba hizo.

Mkanda wa raba wenye umbo la V hushika puli, yaani gurudumu lenye mfereji, kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukivutwa, hujikita zaidi kwenye mfereji. (Ukiona chini ya mfereji panang'aa, ujue mkanda umelika au puli imekwisha.) Wengi huona kuteleza kwake ni udhaifu, kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuuchagua. Biti ikikwama kwenye chuma, mkanda huteleza na kupiga kelele, ilhali cheni ingeendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike. Hata hivyo, bana kazi yako kwenye jiliwa kila mara, maana mkanda nao una nguvu ya kutosha kuzungusha bati likakukata.

Halafu kuna kasi. Kwenye chuma laini, biti ya milimita 4 inataka mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ya milimita 13 inataka karibu 600. Kwa puli za ngazi, zenye mifereji ya ukubwa tofauti, unabadili kasi kwa kuhamisha mkanda tu. Cheni pia inataka oili, na oili hunasa vumbi la chuma linaloitafuna.

Kukata nyuzi za skrubu ni habari nyingine: hapo kuteleza hakuruhusiwi hata kidogo, ndiyo maana mashine ya kukereza hutumia giya kati ya shafti kuu na skrubu ndefu inayosukuma kisu. Na ukiunda mashine ya kupinda mabomba, ambayo rola zake huenda polepole, kwa nguvu nyingi na lazima ziende pamoja, chukua ile cheni ya bodaboda bila wasiwasi.