Arte Povera si sanaa ya maskini

Kosa lenyewe ni herufi mbili tu: "ya". Kila yanapotajwa maonyesho ya Arte Povera, hatakosekana wa kuandika "sanaa ya maskini", na msomaji abaki akiwawazia mafukara wa Italia waliokosa hela ya rangi wakachorea mkaa.

Kwa ufupi, Arte Povera ni kundi la wasanii wa Italia wa miaka ya 1960, wengi wao wa Turin na Roma, waliotumia udongo, matambara, makaa, miti, hata wanyama hai. Jina walipewa na mhakiki Germano Celant, huko Genoa, mwaka 1967.

Sasa hilo jina. Kwa Kiitaliano arte ni sanaa, na povera, yaani maskini, ni kivumishi chake. Kilicho maskini ni sanaa. Mfuko wa msanii haumo humo. Celant aliliazima neno kwa Jerzy Grotowski, mwongozaji wa tamthilia wa Poland, aliyeondoa jukwaani mapambo, vipodozi na mbwembwe za taa mpaka wakabaki mwigizaji na mtazamaji. Huo ni umaskini wa kuvua, si wa kukosa. Sisi tungepaswa kuuelewa upesi, maana neno letu "fukara" lina asili moja na "fakiri", na fakiri wa masufi ameuchagua ufakiri wake.

Wapo pia wanaosema "sanaa ya takataka". Hao nawasamehe kidogo, kwa kuwa mmoja wa wasanii hao, Michelangelo Pistoletto, alisimamisha sanamu ya Venus mbele ya rundo la matambara. Lakini farasi 12 hai aliowafunga mwenzake Jannis Kounellis ndani ya ukumbi wa maonyesho wa L'Attico, Roma, mwaka 1969, ni takataka gani? Giovanni Anselmo naye, mwaka 1968, alifunga kijiwe cha itale kwenye jiwe kubwa kwa waya wa shaba, katikati akabana letusi. Letusi ikinyauka, waya unalegea, kijiwe kinaanguka. Kwa hiyo jumba la makumbusho linaloonyesha kazi hiyo halina budi kununua letusi mbichi kila mara, na itale haiokotwi jalalani.

Ukitaka Kiswahili chake, "sanaa fukara" inafaa. Mimi naegemea "sanaa kavu", kama wali mkavu: wali upo, kilichoachwa ni mchuzi. Zote mbili zikikukera, liache jina la Kiitaliano lilivyo, ila hiyo "ya", tafadhali, iondoe.