Eti ubongo wa mtu mzima haushiki kitu?
Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, basi mtu akifika 40 anajiambia kichwa kimeshagoma. Jamani siyo kweli. Madereva wa teksi za London wanatakiwa wakariri mitaa kama 25,000 ndo wapewe leseni, na ni watu wazima kabisa, sasa mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na mwenzake wakawapima ubongo kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kabla ya mafunzo na baada, majibu yakatoka 2011: waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile inayotusaidia kukumbuka njia, ilikuwa imeongezeka, waliofeli haikubadilika. Ukubwani spidi inapungua, hilo nakubali, ila mzee Kimani Maruge wa Kenya alianza darasa la kwanza 2004, akiwa na miaka 84!