Hisa tano na kemikali ya napalm

Mwaka 1968, Marekani ikimwaga napalm, kemikali ya moto unaonata na kuunguza, huko Vietnam, chama cha madaktari cha Medical Committee for Human Rights kilikuwa na hisa tano tu za Dow Chemical, tena za kupewa. Dow ndiyo iliyokuwa ikilitengenezea jeshi napalm hiyo. Madaktari wakaiandikia: wanahisa wapigie kura pendekezo kwamba napalm isiuzwe bila uhakika kuwa haitatumika dhidi ya binadamu. Kampuni ikagoma, na SEC, wadhibiti wa soko la hisa, wakaiunga mkono. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya Washington ikaona madaktari wana hoja. Mwaka uliofuata pendekezo likapigiwa kura. Halikupata hata asilimia 3, na kwa kanuni za wakati ule Dow ikaruhusiwa kulifungia nje miaka mitatu.

Kazi yangu ni kusoma makabrasha ya mikutano mikuu ya wanahisa, na kila msimu naulizwa: hawa wanaoshindwa miaka nenda rudi wanatafuta nini?

Wanatafuta kurudi. Siku hizi, kwa kanuni za Marekani, mwenye hisa za dola 2,000 alizozishika miaka mitatu anaweza kuleta pendekezo la maneno yasiyozidi 500. Kampuni hulichapa, na chini yake bodi huwaomba wanahisa walikatae. Likipata asilimia 5 mara ya kwanza, mwakani linaweza kurudi. Mara ya pili linadaiwa 15, kisha 25. Hata likishinda, kwa kawaida ni ushauri tu.

Kwa hiyo maneno yenyewe yana uzito. Amazon, Mei 2019, ilikuwa na mapendekezo mawili kuhusu teknolojia yake ya kutambua sura. La kuzuia isiuziwe serikali lilipata asilimia 2.4, la kuomba uchunguzi wa madhara yake kwa haki za watu, 27.5. Wasimamizi wa mifuko ya pensheni hawapendi kuonekana wanaiamuru menejimenti imuuzie nani, lakini kuomba ripoti ni jambo jingine. Masista wa Kikatoliki wa Adrian, Michigan, walilijua hilo. Mwaka 2018, pamoja na wawekezaji wenzao, waliiomba Sturm Ruger, watengenezaji wa bunduki, ripoti ya usalama wa silaha zake, wakazoa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Ripoti ikatoka mwaka uliofuata.

Sasa jaribu hivyo kwa Meta, wenye Facebook. Kule kuna hisa za kura moja na hisa za kura kumi, na Mark Zuckerberg, mwenye nyingi za kura kumi, ana zaidi ya nusu ya kura zote. Hoja ya wahakiki wa maudhui wa Nairobi, wale waliokuwa wakichuja picha na maneno mabaya ya Facebook na walioishtaki kampuni hiyo mwaka 2023 kwa kuachishwa kazi, ukiipeleka pale kama pendekezo, inaweza kukubaliwa na wanahisa wengine wote na bado ikaanguka. Ndiyo maana nikifungua kabrasha naanza na jedwali la nani ana kura ngapi. Kwa Meta, asilimia 20 si kidogo hata kidogo.