Kususia si kununa

Wanafunzi wangu hapa Kisumu wakisoma "upinzani usio na vurugu", wengi hudhani ni unyonge: unapigwa, unanyamaza, unarudi nyumbani. Sivyo hata kidogo! Chukua neno kususia. Kuanzia Desemba 1955, Weusi wa Montgomery, Marekani, walisusia mabasi yaliyowabagua. Kwa siku 381 walitembea au kupeana lifti. Hebu piga picha: kutoka mtaa wetu wa Mamboleo hadi mjini kwa miguu kila alfajiri, soli zikilika, mwaka mzima na zaidi. Viti vingi vilibaki vitupu, kampuni ikapoteza nauli. Hiyo ni nguvu, tena inauma.

Uasi wa kiraia nao si kushika bunduki. Ni kuvunja sheria dhalimu hadharani na kukubali kufungwa. Maandamano je? Kifungu cha 37 cha Katiba yetu ya 2010 kinayalinda, mradi ni ya amani na bila silaha.